Soksi Nyeupe

Tuliporudi kutoka likizo ya Krismasi, mimi na mwenzangu ninayepanga naye chumba tulifungua mlango, tukaweka mabegi chini, na kabla hatujafikia dirisha tulianza kujikuna. Nilitazama miguu yangu. Nilikuwa nimevaa soksi nyeupe, nazo zilikuwa na nukta nyeusi zinazotembea. Mwenzangu alipiga yowe akakimbilia uani, viatu mkononi.

Chumba kilikuwa kimefungwa kwa wiki tano. Hakuna mtu aliyelala humo, wala paka hakuwamo.

"Sasa hawa wametoka wapi?" aliniuliza akiwa amesimama juani, akijipigapiga miguu. "Paka wako si tulimwacha kwa askari wa getini?"

Sikumjibu, ingawa jibu nilikuwa nalo. Nilikuwa nimeambiwa tangu Novemba, na mtu aliyesomea kazi hiyo, nikapuuza.

Nieleze kwanza paka alivyofika. Tunapanga Kikoni, karibu na chuo, katika chumba kimoja cha aina ambayo hapa Kampala huitwa muzigo. Mara ya kwanza kulisikia neno hilo nilicheka peke yangu. Kiswahili changu nilikianzia sokoni Paidha, kwa akina mama waliovuka kutoka Kongo na vitenge vyao, na mzigo kwangu ni kitu cha kubeba kichwani. Sasa nilikuwa nalala ndani ya mzigo. Bei yake ilikuwa nafuu kwa sababu ya panya. Usiku walikimbizana juu ya dari kama watoto waliofunguliwa shule, na asubuhi tulikuta unga wa posho umetobolewa mfuko.

Mwenzangu aliwachukia panya kwa ajili ya unga wake. Mimi niliwaogopa kwa sababu nyingine, ambayo yeye alichelewa kuijua. Nilipomwona mama muuza makaa akigawa watoto wa paka, nilichagua mmoja wa rangi ya majivu, nikamleta nyumbani ndani ya begi la vitabu. Nilimpa jina la Ngeli kwa kuwa siku hiyo nilikuwa nimefeli jaribio la ngeli za nomino. Kiswahili cha sokoni hakina habari na mambo hayo. Sokoni ukisema "viti yangu" utauziwa tu. Chuoni unakatwa alama.

Baada ya wiki tatu dari lilinyamaza. Ngeli hakuwa na ukubwa wa kuua panya wote wale, nadhani harufu yake tu iliwatosha. Nililala usiku kucha kwa mara ya kwanza tangu tuhamie.

Kisha, mwanzoni mwa Novemba, tukaanza kuumwa. Vidoa vyekundu, viwili vitatu pamoja, karibu vyote vikiwa chini ya magoti. Mwenzangu alidhani ni kunguni. Tulitoa magodoro nje, tukachunguza mishono yote kwa tochi ya simu, hatukuona kunguni hata mmoja wala alama ya damu kwenye shuka. Jirani mmoja ndiye aliyetufundisha kumchana paka kwa kitana chenye meno ya karibu karibu juu ya karatasi nyeupe. Ilianguka punje punje nyeusi kama pilipili manga iliyosagwa. Alizidondoshea maji kidogo. Punje zikageuka nyekundu, zikasambaa. Ni kinyesi cha kiroboto, na kinyesi cha kiroboto ni damu iliyokauka.

"Enkukunyi," mwenzangu alisema kwa Kiluganda, na neno hilo mdomoni mwake lilikuwa kama tusi. "Munnange, huyu paka aondoke."

Nilimwomba siku tatu.

Katika siku hizo tatu nilifanya karibu kila kosa linalowezekana. Nilimpaka Ngeli majivu, akayalamba. Nilichemsha majani ya mwarobaini, akakimbia kabla sijamgusa. Askari alinishauri mafuta ya taa, na namshukuru Mungu kwamba chupa ya mafuta ilikuwa tupu siku hiyo, maana baadaye niliambiwa kuwa yangemchoma ngozi na kumuua akiyalamba. Mwisho nilikwenda kwenye duka la dawa za mifugo. Nilimweleza muuzaji kuwa nina viroboto. Hakuniuliza viroboto hao wanakaa juu ya mnyama gani, nami sikusema. Alinimiminia dawa ya kuogeshea ng'ombe kwenye chupa ndogo ya maji ya kunywa, haina karatasi, haina jina, akaniambia inaua kila kitu. Shilingi 3,000.

Nilifurahi kusikia inaua kila kitu.

Nilimwogesha Ngeli saa kumi jioni. Maji yalikuwa meupe kama maziwa. Viroboto walianguka kweli, niliwaona wakielea kwenye beseni, na nilimwita mwenzangu aje ashuhudie. Ilipofika saa moja usiku masikio ya Ngeli yalianza kutikisika. Halafu ngozi ya mgongo. Halafu mwili mzima ukawa unatetemeka, mate yanamtoka, akijaribu kusimama miguu inateleza kana kwamba sakafu ina mafuta. Aliniangalia. Sijui paka huangaliaje mtu aliyemfanyia ubaya. Mimi niliona ananiangalia tu kama siku zote, anasubiri nimsaidie.

Tulimtia ndani ya boksi la kartoni tukapanda bodaboda watatu: dereva, mimi, na mwenzangu nyuma akishikilia boksi. Ndiyo, mwenzangu. Yule aliyetaka paka aondoke.

Daktari wa mifugo alimnusa Ngeli kabla hata ya kumgusa. Aliuliza nilichompaka, nikamwonyesha chupa, naye akatikisa kichwa kwa sababu chupa haikusema lolote. Kwa mtetemeko ule, alisema, anashuku dawa ya jamii ya permethrini. Ng'ombe huistahimili, mbwa huistahimili, lakini ini la paka halina uwezo wa kuivunja haraka, kwa hiyo sumu hukaa mwilini ikichezea mishipa ya fahamu. Alimwosha upya kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya kuoshea vyombo, akamkausha, akamfunika, akamchoma sindano ya kutuliza mtetemeko. Ngeli alikaa huko siku mbili. Nililipa shilingi 90,000, pesa niliyokuwa nimeiweka kwa ajili ya kupiga chapa na kujalidi kazi zangu za muhula.

Siku ya kumchukua, daktari alinikalisha chini. Alinitolea kidude kidogo chenye matone ya fipronili ya paka. Aliniambia nipasue manyoya nyuma ya shingo, mahali paka hawezi kufikia kwa ulimi, nidondoshe moja kwa moja kwenye ngozi, na nirudie kila mwezi. Nisigawe kamwe dawa ya mbwa nikidhani ni ile ile. Alimpa na dawa ya minyoo, kwa kuwa paka akijilamba humeza viroboto, na ndani ya kiroboto huweza kuwamo tegu. Vile vipande kama punje za wali nilivyoviona mkiani mwa Ngeli na kudhani ni wali kweli, vilikuwa hivyo.

"Hapa kwa paka tumemaliza," alisema. "Sasa nyumba."

Akanieleza. Kiroboto huyu, ambaye jina lake la kisayansi, Ctenocephalides felis, ni refu kuliko yeye mwenyewe, hutaga mayai mengi kwa siku, hata arobaini. Mayai hayagandi kwenye manyoya kama ya chawa. Hudondoka popote paka anapolala na kupita. Yanaangua mabuu madogo yanayokimbia mwanga, yanajificha kwenye nyufa na chini ya mazulia, yanakula zile punje nyeusi za damu kavu zinazodondoka kutoka juu, kama watoto wanaotupiwa chakula na wazazi. Kisha kila buu hujifungia ndani ya kifuko kinachonata vumbi. Dawa nyingi hazipenyi kifuko hicho. Humo kiroboto aliyekomaa anaweza kungoja wiki kadhaa, hata miezi, hadi ahisi mtikisiko, joto, au pumzi ya kiumbe aliye hai. Hapo hutoka na kuruka.

"Wale unaowaona juu ya paka ni wachache tu," daktari alisema. "Wengi wako kwenye nyumba yako, na bado si viroboto."

Nilimsikiliza kwa adabu. Nilitikisa kichwa. Nilirudi nyumbani, nikafagia mara moja, nikaanza kusomea mitihani. Ngeli alikuwa safi, mwenzangu aliumwa mara chache, nami nilijiambia mambo yamekwisha. Kisha likizo ikafika, tukafunga mlango kwa kufuli. Kumbe nilikuwa nimewafungia chumba kitulivu wangoje vizuri.

Ndiyo maana siku ile ya Januari, mwenzangu alipouliza wametoka wapi, sikumjibu.

Mama mwenye nyumba alisikia yowe akatoka. Ni mama mzuri, lakini hukumu yake ni ya haraka. Mwaka jana alinisikia nikisoma kwa sauti maandishi ya Kiswahili akagonga mlango akiuliza kama kuna askari jeshi ndani. Wazee wengi wa hapa bado hukumbuka Kiswahili kikiambatana na bunduki. Safari hii alitazama miguu yetu, akatazama kizingiti, hakukivuka.

"Bawala," alisema, "wapangaji wangu wengine wana watoto wachanga. Mwisho wa mwezi nitakuja kukaa ndani ya chumba hiki. Nikiumwa hata mara moja, paka aende au nanyi mwende naye."

"Ndiyo, Maama," tulijibu tukiwa tumepiga magoti, kwa kuwa ndivyo inavyostahili.

Zilibaki siku kumi na tisa.

Usiku ule tulilala kwa jirani. Asubuhi tulitoa kila kitu nje na kukunjua kapeti ya plastiki iliyofunika sakafu. Chini yake, kwenye nyufa za saruji, kulikuwa na vumbi la rangi ya chumvi na pilipili vikichanganywa. Nililiinamia. Ndani ya vumbi vitu vyembamba kama vipande vya uzi mweupe vilijinyonga kukimbia jua. Mikono yangu iliacha ufagio. Nilikwenda kukaa ukutani, nikashindwa kupumua sawasawa.

"Ni vidudu tu," mwenzangu alisema. Alisema kwa upole, na labda ndiyo sababu nilimwambia.

Kwetu ni Zombo, kwenye milima ya Nile Magharibi inayopakana na Kongo. Huko tauni si habari ya vitabu vya historia ya Ulaya. Huja baadhi ya miaka, mara nyingi katika miezi ya mwishoni mwa mwaka, na mtoto hufundishwa mapema kwamba akiona panya wanakufa ovyo ndani ya nyumba bila kutegwa wala kuwekewa sumu, aseme mara moja. Kiroboto wa panya hukaa na panya wake hadi afe. Mwili ukipoa humwacha, hutafuta damu nyingine yenye joto. Nilikuwa na miaka saba. Nililala kwa mama mdogo wangu, na asubuhi nikakuta panya wawili wamekufa karibu na mtungi wa maji. Niliinama nimshike mmoja mkia nimtupe, nikijiona nasaidia kazi. Mama mdogo alinisukuma kando. Alimchukua yeye, kwa jani la mgomba, akamtupa yeye, akafagia pale chini yeye.

Siku chache baadaye alishikwa na homa, na mtoki ukamvimba kwenye kinena hata asiweze kutembea wima. Wakubwa walimpeleka kwanza kwa mganga wa miti shamba. Tauni hutibika kwa dawa za kawaida za kuua bakteria, zikitolewa mapema. Alipofikishwa kituo cha afya haikuwa mapema tena. Watu wa afya walikuja kupuliza dawa nyumbani, wakatugawia vidonge sisi tuliobaki. Mazishi yalikuwa ya watu wachache, na hakuna aliyetukumbatia.

Huenda aliumwa usiku, kabla ya panya yule. Huenda aliumwa pale pale. Nimefikiria jambo hili mara nyingi kuliko nilivyofikiria jambo lolote la darasani.

Daktari wa mifugo alikuwa amenihakikishia, bila kujua kwa nini nauliza, kwamba kiroboto wa paka ni wa aina nyingine na kwamba Kampala hakuna tauni. Kichwa changu kilikubali. Miguu yangu haikukubali.

Mwenzangu hakusema pole. Aliinua mkeka wake, ule aliosukiwa na mama yake huko Masaka, ambao Ngeli aliupenda kulalia na ambao siku zote alikataa katakata kuupeleka juani kwa kuogopa rangi yake kufifia, akautupia juu ya kamba ya nguo, uso chini mgongo juu. Akachukua ufagio wangu. Baada ya muda mrefu alisema, "Kumbe ndiyo maana ulimleta paka."

Sikuwahi kulifikiria hivyo. Nilidhani nilimleta kwa sababu alikuwa anagawiwa bure.

Kazi yenyewe haikuwa na ujanja wowote, ilikuwa ni kurudia tu. Takataka zote za ufagio tulizichoma kwenye jiko la makaa, maana ukizitupa jalalani umewahamisha tu. Nyufa tulizimwagia maji yanayochemka, birika baada ya birika, tukazisugua kwa brashi ya nguo na sabuni ya unga. Mashuka, mapazia na kile kitambaa cha Ngeli vilichemshwa kwenye sufuria ya jirani anayepikia sherehe, naye aliomba asiambiwe ilitumika kwa nini. Mkeka ulikaa juani siku sita. Kapeti ya plastiki hatukuirudisha. Sakafu tuliiacha wazi, ikafagiwa kila asubuhi na kila jioni, tukianzia pembeni na chini ya vitanda.

Lakini wale wa kwenye vifuko walibaki, na njia ya kuwamaliza ni kuwatoa. Daktari alisema tukitembeatembea wataamka. Mwenzangu, ambaye anasoma uhasibu na hupenda jambo lifanyike kwa ukamilifu, aliona kutembea hakutoshi. Alifungua muziki kwenye simu, tukavaa soksi nyeupe zilizovutwa hadi magotini, tukacheza chumba kizima, tukipiga visigino sakafuni. Jirani wa kulia aliuliza kama tumefaulu mitihani. Baada ya kila wimbo tulitoka nje, tukahesabu nukta kwenye soksi, tukazikung'utia kwenye beseni la maji ya sabuni. Povu huwazamisha, kwenye maji matupu wengine huelea na kuruka tena. Usiku tuliliacha beseni sakafuni chini ya taa, na asubuhi tuliwakuta wamo.

Hesabu iliandikwa kwenye kalenda ya ukutani, kwa kalamu nyekundu ya mwenzangu. Siku ya kwanza 47. Ya pili 52, nikakata tamaa. Ya tatu 30. Ya saba 11. Siku ya kumi tulipata 19, na tulikaribia kugombana, kila mmoja akimshuku mwenzake kuwa ameruka zamu ya kufagia. Siku ya kumi na tano, 2.

Ngeli alikuwa anarudi mchana na kulala kwa askari usiku. Tarehe yake ya matone ilipofika, mwenzangu ndiye aliyemshika, mimi nikapasua manyoya shingoni. Mikono yangu ilitetemeka hata tone la kwanza likaangukia kidoleni. Nilisoma maandishi ya kwenye pakiti mara tatu kabla ya kuifungua, yote, hata anwani ya kiwanda.

Mama mwenye nyumba alikuja Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa tisa alasiri, kama alivyosema. Alivua viatu mlangoni. Tulimtandikia ule mkeka, ambao rangi yake ya zambarau sasa imefifia upande mmoja, akakaa miguu akiwa ameinyosha mbele, bila soksi, gomesi yake ameivuta juu kidogo ya vifundo. Tulimpa chai. Alizungumzia bei ya sukari, bomba lililopasuka, na harusi ya mtoto wa dada yake. Sikusikia hata nusu. Nilikuwa naangalia vifundo vyake vya miguu.

Ngeli aliingia, akamzunguka, akajilaza kwenye upindo wa gomesi. Mwenzangu aliacha kutafuna.

"Huyu ndiye anayefukuza panya?" mama aliuliza.

"Ndiye, Maama."

Alimaliza chai yake. Aliinuka, akajipangusa, akavaa viatu. Akiwa kizingitini alisema kwamba dari la chumba cha nne, kule mwisho, lina panya wanaomsumbua mpangaji, na kwamba tukipenda tumwazime paka kwa wiki moja.

"Kwanza tutahitaji kuona sakafu ya chumba hicho," mwenzangu alimjibu, na akaenda kutafuta soksi zake.